Namna ya Kuandika Historia ya Walowezi na Uhuru wa Kenya kwa Kufuata Ardhi

Watu wengi wanaoandika historia ya Kenya ya kikoloni huanza na Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, wakapita haraka kwenye reli, wakatua kwenye vita vya Mau Mau, uasi dhidi ya Waingereza wa miaka ya 1950, kisha wakamaliza na bendera iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Hakuna uongo katika mpangilio huo, lakini humwacha msomaji asijue kwa nini familia moja ina hati miliki ya ekari 3 na familia jirani, iliyoishi pale kwa vizazi vitatu, bado inaitwa ya maskwota, yaani watu wanaoishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake. Mwongozo huu unafundisha njia nyingine, ambayo naiona kuwa bora kwa mwanafunzi, kwa mwalimu wa shule, na kwa yeyote anayetaka kuuachia ukoo wake maandishi: kushika kipande kimoja cha ardhi na kukifuata kutoka mkono hadi mkono, tangu kabla ya walowezi kufika hadi baada ya uhuru. Kenya ilikuwa koloni la walowezi, na mlowezi alikuja kukaa, kulima na kurithisha. Ndiyo maana ukiuliza nani alipewa ruhusa ya kulima wapi, na nani alinyimwa, utakuwa umeligusa karibu kila jambo kubwa la kisiasa lililotokea kati ya 1895 na 1963.

Chagua mahali padogo, kisha ujue palikuwa chini ya sheria ipi

Chagua eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu kwa siku moja: kata ndogo, shamba lililokuwa la mlowezi mmoja, skimu ya makazi, au kijiji cha pwani. Anayechagua wilaya nzima huishia kunakili yale yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Ukishachagua, usianze kukusanya habari kabla ya kujibu swali moja: katika utawala wa kikoloni, mahali hapa palihesabiwa kuwa ardhi ya aina gani? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha nyaraka za kutafuta na watu wa kuwauliza.

Aina hizo zilikuwa nne kwa makadirio ya jumla. Ya kwanza ni ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa mali ya Sultani wa Zanzibar na ambao Waingereza waliuendesha kwa mkataba wa kulipa kodi kila mwaka kuanzia 1895. Ndiyo sababu nchi ilipofanywa koloni mwaka 1920 jina lake rasmi likawa Koloni na Himaya ya Kenya, na bendera ya Sultani ikaendelea kupepea Mombasa hadi uhuru. Huko pwani sheria muhimu kuliko zote ni ile ya hati za ardhi ya 1908, iliyomtaka kila mwenye madai ajitokeze kuthibitisha umiliki wake. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali, na Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, wakajikuta nje ya daftari. Ukiandika kuhusu Kilifi au Kwale ukaiacha sheria hiyo, hutaweza kueleza suala la maskwota wa pwani.

Aina ya pili ni zile zilizoitwa akiba za wenyeji, kama Kiambu, Nyeri, Machakos, Nyanza na nyinginezo. Ya tatu ni nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, kuanzia viunga vya Nairobi kupitia Bonde la Ufa, Laikipia na Uasin Gishu hadi Trans Nzoia. Ya nne ni Kaskazini, ambako walowezi hawakupataka, na ambako serikali ilitawala kwa vibali vya kuingia na kutoka. Mwandishi wa Wajir au Garissa atapaswa kufuata visima, njia za malisho na mipaka zaidi ya mashamba, kisha aifikie tume ya 1962 iliyokuta Wasomali wengi wa huko wakitaka kuungana na Somalia, na vita vya Shifta vilivyofuata, kati ya waliotaka kujitenga na serikali ya Kenya. Tangu hapa nitazungumzia zaidi aina ya pili na ya tatu, kwa kuwa ndizo zilizokuwa uwanja wa mvutano kati ya mlowezi na mwenyeji.

Andaa orodha ya tarehe za ardhi

Kabla ya kwenda kwa wazee, andaa orodha fupi ya sheria na mikataba ya ardhi, kwa sababu mzee atakueleza alichokiona machoni pake na ni juu yako kujua kilichokuwa kimetiwa sahihi ofisini. Hii ndiyo orodha ambayo kwa maoni yangu haiwezi kupunguzwa.

Himaya ya Afrika Mashariki ilitangazwa mwaka 1895, baada ya kampuni ya William Mackinnon kushindwa kuendesha eneo hilo. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, kwa kazi ya vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, ambao wapatao 2,500 walifia kazini. Reli ilikuwa imegharimu zaidi ya pauni milioni 5 na ilihitaji mizigo ya kubeba. Kamishna Sir Charles Eliot aliamua kwamba mizigo hiyo itatoka kwa wakulima wa Kizungu, na mwaka 1902 mambo mawili yakafanyika: mkoa wa mashariki wa Uganda, yaani sehemu kubwa ya Bonde la Ufa na Nyanza ya leo, ukahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, na Sheria ya Ardhi za Taji, yaani za mfalme wa Uingereza, ikaruhusu walowezi kuuziwa ardhi au kuikodi kwa miaka 99. Mlowezi Lord Delamere alipata ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika Uasin Gishu kwa wingi mwaka 1908, na mji wa Eldoret ulioota hapo uliitwa na wenyeji Sisibo kutokana na shamba namba 64, kwa Kiingereza "sixty-four".

Ardhi hiyo haikuwa tupu, na hapa mwandishi anapaswa kuwa makini sana na lugha yake. Neno "wazi" katika taarifa za kikoloni lilimaanisha kwamba siku afisa alipopita hapakuwa na mtu. Huenda wafugaji walikuwa wamehamia malisho ya kiangazi, au watu walikuwa wamepungua kwa ndui, sotoka na njaa ya mwishoni mwa miaka ya 1890, ambayo Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya na Wakamba Yua ya Ngomanisye. Pengine watu walikuwa wameshapigwa vita: Wanandi waliizuia reli kwa miaka mingi hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905 alipokwenda kuonana na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Wamaasai walitia sahihi mkataba mwaka 1904 uliowatoa Naivasha na Nakuru na kuwapeleka Laikipia na kusini, kwa ahadi kwamba ungedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka 7. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwatoa Laikipia, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya mataifa mawili, na mahakama haikuwa na uwezo wa kuiamua. Kama eneo lako lilikuwa la Wamaasai, kesi hiyo inastahili ukurasa mzima, kwani ni mfano wa mapema wa watu wa nchi hii kuidai ardhi yao kwa kutumia sheria za waliowanyang'anya.

Mwaka 1915 sheria mpya iliongeza muda wa kukodi kutoka miaka 99 hadi miaka 999. Mlowezi alikuwa amehakikishiwa kwamba wajukuu wa wajukuu wake wangelima pale pale. Sheria hiyo hiyo iliihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa ya Taji, na mwaka 1921 Jaji Barth alitafsiri kwamba Waafrika walikuwa wapangaji wa hisani tu katika ardhi ya baba zao. Andika hukumu hiyo karibu na tukio la Machi 1922, Harry Thuku, kiongozi wa kisiasa wa Waafrika, alipokamatwa na polisi wakaufyatulia risasi umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliouawa. Vitabu vingi vya shule huyatenganisha mambo hayo mawili kwa sura nzima, ilhali yalipishana kwa miezi tu.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kizungu waligawiwa mashamba kwa mpango wa 1919, na sehemu ya ardhi ya Wanandi ikamegwa kwa ajili hiyo. Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi, ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, yaliyotokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps, hawakupewa shamba. Sensa ya 1921 ilihesabu Wazungu 9,651 katika nchi nzima. Tamko la Devonshire, waziri wa makoloni wa Uingereza, la 1923 lilisema maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie, likawakatalia walowezi serikali yao wenyewe na likawakatalia Wahindi haki ya kununua ardhi katika nyanda za juu. Nyanda zenyewe zikabaki za Wazungu. Sheria ya 1930 iliahidi kwamba akiba zitakuwa za wenyeji milele, lakini dhahabu ilipopatikana Kakamega, sheria ikarekebishwa mwaka 1932 ili ardhi iweze kuchukuliwa bila kutoa nyingine badala yake. Kisha ikaja tume ya ardhi ya Morris Carter, ripoti yake ikatoka 1934, na mipaka ya nyanda za Wazungu ikawekwa rasmi kwa amri ya 1939.

Soma mfano wa Tigoni na Lari kabla ya kuandika wako

Nitasimama hapa kidogo, kwa kuwa mfano huu unaonyesha vizuri kuliko wowote niujuao jinsi mstari mmoja wa ripoti ya ardhi unavyoweza kuzaa damu miaka ishirini baadaye. Tigoni, karibu na Limuru, ilikuwa ardhi ya Wakikuyu iliyozungukwa na mashamba ya walowezi. Tume ya Carter iliona haifai wabaki katikati ya Wazungu, ikapendekeza wabadilishiwe na ardhi ya Lari, iliyoko juu zaidi na yenye baridi. Wengi walikataa. Luka wa Kahangara, ambaye kwanza alikuwa miongoni mwa waliopinga, hatimaye alikubali kuhama pamoja na wafuasi wake, na waliobaki wakaondolewa kwa nguvu. Luka akawa chifu huko Lari, na waliopoteza Tigoni hawakusahau.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 Lari ilishambuliwa. Luka na watu wa jamaa yake waliuawa, na nyumba za wengine waliohusishwa na serikali zikachomwa moto wenyewe wakiwa ndani, wanawake na watoto wakiwamo. Usiku huo huo na siku zilizofuata, askari na homugadi, yaani wanamgambo Waafrika waliokuwa upande wa serikali, waliwaua watu wengi kwa kulipiza kisasi. Serikali ya kikoloni ilitangaza mauaji ya kwanza duniani kote na kuyanyamazia ya pili. Mwandishi anayeanza na Machi 1953 ataona unyama usio na chanzo. Ukianza na tume ya Carter, bado utauona unyama, wala hupaswi kuupunguza, lakini utaona pia kwa nini ulitokea Lari na si mahali pengine. Jaribu kufanya hivyo kwa kila tukio la eneo lako: rudi nyuma hadi ufikie siku mpaka ulipohamishwa.

Uliza kuhusu kazi, kodi na kipande

Ardhi bila vibarua haikumfaa mlowezi, na hapa ndipo historia ya shamba inapokuwa historia ya watu. Kodi ya kibanda ilianza 1901 na kodi ya kichwa ikaongezwa 1910, ili mwanamume alazimike kutafuta fedha kwa mwajiri. Sheria ya kipande iliyopitishwa 1915 ilianza kutekelezwa baada ya vita: kila mwanamume Mwafrika aliyevuka umri wa miaka 16 alipaswa kubeba karatasi yenye alama za vidole, majina ya waajiri wake na mshahara wake, ndani ya kikasha cha chuma alichokivaa shingoni. Katika nyanda za juu familia nyingi ziliishi kama maskwota, yaani zililima na kuchunga kwenye shamba la mlowezi kwa kubadilishana na siku za kazi, ambazo sheria ya 1918 iliziweka kuwa zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 ikawapa walowezi uwezo wa kupunguza mifugo ya maskwota na kuongeza siku hizo.

Ukienda kuhoji wazee, usianze na Mau Mau. Anza na maswali ya kila siku: mlipanda nini kwenu, na kipi mlikatazwa? Mlikuwa na ng'ombe wangapi, na nani aliwahesabu? Nyapara alikuwa nani? Posho ilipimwa kwa chombo gani? Mama alifanya kazi gani wakati wa kuvuna pareto au kahawa? Maswali ya namna hii humrudisha mzee shambani, na akishafika huko atakueleza mengine bila kusukumwa. Usisahau wanawake, ambao mara nyingi ndio wanaokumbuka ni lini familia ilihamishwa, kwa sababu wao ndio waliobeba vyombo.

Mzee hatakupa mwaka, naye hana sababu ya kukupa. Atasema nilitahiriwa na rika fulani, au nilikuwa nachunga mbuzi njaa fulani ilipoingia. Jifunze majina ya rika na ya njaa katika lugha ya eneo hilo, uyapange mbele ya miaka, na hapo ndipo utaweza kulinganisha simulizi na nyaraka. Andika jina la mahali kama lilivyotamkwa, kisha tafuta jina la kikoloni, maana faili ya Murang'a utaikuta chini ya Fort Hall, ya Nyahururu chini ya Thomson's Falls, na ya Webuye chini ya Broderick Falls.

Ipo hatari moja ambayo lazima uiheshimu. Katika vijiji vya mkoa wa Kati na Bonde la Ufa, mjukuu wa mpiganaji wa Mau Mau aliyekuwa msituni na mjukuu wa homugadi wanaweza kuwa wameoana. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, uliza kama jina litajwe au lifichwe, na ukiambiwa "hilo usiandike," usiandike. Hoji pande zote mbili. Anayesikiliza upande mmoja tu hawezi kueleza kwa nini watu wa nyumba moja waligawanyika, na jambo hilo ndilo wasomaji wako wa karibu watakalotaka kulielewa kuliko lolote.

Soma nyaraka kama mtu anayesikiliza shahidi mwenye maslahi

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Nairobi, kwenye Barabara ya Moi, katika jengo lililokuwa la Benki ya India. Anza na ripoti za mwaka za wilaya na ripoti za makabidhiano, ambazo mkuu wa wilaya aliyekuwa akiondoka alimwandikia aliyekuwa akiingia. Hizo za pili ni tamu zaidi, kwa sababu mwandishi wake hakuwa akimpendeza mkubwa wake London, bali alikuwa akimtahadharisha mwenzake juu ya chifu asiyeaminika, mpaka wenye ugomvi, au mlowezi msumbufu. Gazeti rasmi la serikali, lililoanza kutolewa mwaka 1899, litakupa matangazo ya ardhi, ya mipaka na ya uteuzi wa machifu. Kwa shamba lililokuwa la mlowezi, nenda ofisi ya ardhi ukiwa na namba ya ploti; bila namba hiyo utapoteza siku nzima.

Kumbuka pia kwamba sehemu ya mafaili haikubaki Kenya. Wakati wa uhuru Waingereza walichoma baadhi na kuyahamishia mengine kwao, wakayaficha kwa karibu miaka 50. Kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Mau Mau waliodai fidia ya mateso ndiyo iliyolazimisha serikali ya Uingereza kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa nayo, pamoja na ya makoloni mengine, mafaili yapatayo 8,800 kwa jumla. Sasa yamo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, katika mfululizo wa FCO 141. Kesi hiyo ilimalizika kwa makubaliano ya Juni 2013, ambapo waathiriwa 5,228 walitengewa pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi.

Kwa namna ya kusoma maandishi hayo, chukua mfano wa Hola, kambi walikozuiliwa washukiwa wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kambi hiyo ya Tana River waliuawa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wafungwa wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa mahakama ukaonyesha walipigwa hadi kufa na walinzi, kwa kufuata mpango ulioandikwa wa kuwalazimisha kufanya kazi. Kila unaposoma ripoti ya wilaya yako ikisema "hali ni shwari" au "wenyeji wameridhika," jiulize nani aliyeiandika, kwa ajili ya nani, na kama kuna mtu aliyepata nafasi ya kuipinga. Kwa tarakimu fuata kanuni hiyo hiyo. Idadi ya walionyongwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau mwaka 1952, 1,090, imo katika kumbukumbu za serikali yenyewe. Idadi ya waliokufa vitani, kambini na vijijini inabishaniwa na wanahistoria hadi leo, nawe unapaswa kusema hivyo bila kuchagua tarakimu inayokupendeza.

Eleza safari ya uhuru bila kuiacha ardhi

Ukifika miaka ya 1940 kishawishi kitakuwa kikubwa cha kuliacha shamba na kuhamia Nairobi na London kuwafuata viongozi. Wataje, lakini warudishe shambani. Eliud Mathu aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, Mwafrika wa kwanza humo. Jomo Kenyatta alirudi kutoka Uingereza mwaka 1946 na mwaka uliofuata akaongoza KAU, chama cha kisiasa cha Waafrika. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru kamili hadharani Aprili 1950 katika ukumbi wa Kaloleni, akafungiwa hadi 1961. Wakati huo huo maskwota waliofukuzwa nyanda za juu na kupelekwa Olenguruone walikuwa wamefukuzwa tena, na kiapo walichoapa huko cha kutoondoka kikasambaa. Hali ya hatari iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952, kesi ya Kenyatta na wenzake watano huko Kapenguria, na kunyongwa kwa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, tarehe 18 Februari 1957, ni mambo yanayojulikana. Usiyarudie kwa urefu isipokuwa yaligusa eneo lako.

Linalosahaulika, na ambalo lazima ulichimbe, ni kilichofanyiwa ardhi watu wakiwa kizuizini. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kati walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na mitaro. Mwaka huo huo mpango wa Roger Swynnerton ukaanza kuunganisha vipande vya ardhi na kutoa hati kwa mtu mmoja mmoja. Aliyekuwa kambini hakuwapo mipaka ilipopimwa, na wapimaji walisaidiwa na kamati ambazo wafuasi wa serikali walikuwa na sauti kubwa ndani yake. Waulize wenyeji: ni nani aliyerudi akakuta shamba lake limehamishiwa bondeni? Muhuri wa hati nyingi za Kati una umri wa vita hivyo.

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika ulifanyika Machi 1957 na kuwaingiza wanane, wakiwamo Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Mwaka 1959 serikali ilitangaza nia ya kuondoa kizuizi cha rangi katika nyanda za juu, na mapema 1960 mkutano wa kwanza wa katiba huko Lancaster House, London, ukakubali kwamba nchi itatawaliwa na walio wengi. Mwaka huo vikazaliwa vyama vya KANU na KADU. Mzozo wao juu ya majimbo, yaani mikoa kujitawala kwa kiasi fulani, hauwezi kueleweka bila kuuliza nani angerithi mashamba ya walowezi wanaoondoka: KADU iliwakusanya watu wa pwani, wafugaji na wengine waliohofia kwamba makabila makubwa yangeyachukua. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni, na mwandishi wa Bonde la Ufa hana budi kuishughulikia kwa haki.

Kisha kuna swali la fedha. Kuanzia 1962 serikali ilinunua zaidi ya ekari milioni moja kutoka kwa walowezi kwa mikopo na misaada ya Uingereza, Benki ya Dunia na Ujerumani Magharibi, na kuzigawa kwa familia zipatazo 35,000 katika skimu za makazi. Familia hizo zilipaswa kulipa. Maana yake ni kwamba mtu aliyenyang'anywa ardhi, au mtoto wake, aliinunua tena kwa deni, na mlowezi akaondoka na bei yake. Tafuta katika eneo lako kadi za malipo, risiti na barua za kudaiwa. Familia nyingi bado zinazihifadhi pamoja na hati miliki. Kwa mwandishi wa pwani, tafuta makubaliano ya Oktoba 1963, ambayo kwayo ukanda wa maili kumi uliachwa kwa Kenya, na uwaulize wazee waliounga mkono Mwambao, harakati ya kutaka pwani ijitenge, walitaka nini na walihofia nini.

Panga maandishi yako

Andika sura fupi, kila moja ikianza na badiliko moja la mwenye ardhi: ukoo au malisho ya pamoja, Taji, mlowezi wa kwanza, mlowezi wa pili aliyenunua, serikali, skimu, kampuni ya ununuzi wa ardhi, mtu binafsi. Katika kila sura jibu maswali manne: ardhi ilibadilika kwa sheria gani, nani alilipwa, nani alihamishwa, na waliohamishwa walikwenda wapi. Tia ramani uliyoichora mwenyewe, ikionyesha mto, makaburi, mti wa mkutano na nyumba ya mlowezi, hata kama imebaki msingi tu. Pale simulizi na faili zinapopingana, ziweke zote mbili kando kwa kando, useme wewe unaamini ipi na kwa nini.

Usimalize tarehe 12 Desemba 1963, wala tarehe 12 Desemba 1964 nchi ilipokuwa jamhuri. Malizia kwa mwenye ardhi wa leo. Kabla ya kuchapisha, chukua rasimu yako uirudishe kwa wale waliokusimulia, uwasomee kwa sauti katika lugha wanayoielewa vizuri, ukiwa na kalamu mkononi. Watakukosoa majina, watakuhamishia mpaka upande wa pili wa kijito, na pengine yule aliyekaa kimya siku ya kwanza ataanza kuzungumza.